Kuunda Milinganyo ya Hali ya Saketi Yenye Vitanzi Vingi: Mfano wa Kichujio cha LCL

Wanafunzi wengi wa uhandisi wa umeme hukwama mahali pamoja. Wanapopewa saketi ya vitanzi viwili yenye koili na kapasita, huanza kwa kuandika jumla ya volteji katika kila kitanzi, jambo ambalo wamelizoea, lakini kapasita inawaletea alama ya integrali, wanaiondoa kwa kutafuta kasi ya badiliko ya mlinganyo mzima, wanajikuta na kasi ya badiliko ya ingizo ambayo hawakuihitaji, na mwishowe wana ukurasa uliojaa hesabu sahihi zisizowafikisha kwenye umbo lililoulizwa. Kosa halimo katika hesabu zao. Limo katika mahali walipoanzia. Milinganyo ya hali haianzii kwenye vitanzi. Inaanzia kwenye vifaa vinavyotunza nishati, na vitanzi hufuata baadaye kama chombo cha kuandikia.

Gustav Kirchhoff alitoa sheria zake mbili mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi mjini Königsberg. Sheria hizo zinasema ni nini lazima kiwe kweli katika kila nukta ya wakati: mikondo inayoingia kwenye nodi, yaani mahali vifaa vinapoungana, ni sawa na inayotoka, na volteji za kitanzi kizima hujumlika kuwa sifuri. Hazisemi ni kiasi gani katika saketi kinachobeba yaliyopita. Swali hilo la pili ndilo lililowekwa katikati ya nadharia ya udhibiti katika miaka ya 1960, hasa kupitia kazi za Rudolf Kalman, na jibu lake ndilo tunaloliita hali: orodha fupi kabisa ya thamani ambazo, ukizijua sasa hivi pamoja na ingizo la kuanzia sasa, utaweza kukokotoa kila kitakachofuata bila kuuliza kilichotangulia.

Umbo tunalolitafuta ni hili:

dx/dt = A x + B u
y = H x + D u

Hapa x ni safu ya vigeu vya hali, u ni ingizo, na y ni tokeo. Vitabu vingi huiita matriki ya tokeo C. Mimi nimeiita H makusudi, kwa sababu katika saketi herufi C tayari ni mali ya kapasita, na nimeshaona majibu ya mtihani yakiharibika kwa mgongano huo mmoja tu.

Saketi tutakayoifanyia kazi

Chukua karatasi uichore. Upande wa kushoto pana chanzo cha volteji u. Kutoka upande wake chanya, mkondo unapita katika kikinza R1, kisha koili L1, na kufika kwenye nodi tutakayoiita P. Kutoka P kuna njia mbili za kurudi kwenye waya wa chini, ambao ndio nodi yetu ya marejeo. Njia ya kwanza inashuka moja kwa moja kupitia kikinza R2 na kapasita C zilizounganishwa mfululizo. Njia ya pili inaendelea kulia kupitia koili L2, kisha kikinza R3, na kurudi chini. Kwa hiyo tuna vitanzi viwili vinavyoshiriki tawi la katikati.

Saketi hii si ya kubuni kwa ajili ya zoezi. Ndiyo umbo la kichujio cha LCL (yaani koili, kapasita, koili) ambacho huwekwa kati ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa DC kuwa AC, na gridi ya umeme, kwa mfano katika mitambo ya sola, ili kuchuja mawimbi makali yanayosababishwa na swichi za inveta. R1 inawakilisha ukinzani wa waya wa koili ya kwanza, na R2 ni kikinza kinachowekwa kwa makusudi ili kutuliza mtikisiko. Kwa mwanzo, R3 itakuwa mzigo wa kawaida. Gridi tutaileta mwishoni.

Thamani nilizochagua ni R1 = 2 Ω, R2 = 1 Ω, R3 = 8 Ω, L1 = 10 mH, L2 = 5 mH na C = 100 μF. Nimezichagua ili namba zitoke safi; usizichukue kuwa ni za kichujio cha kweli.

Hatua ya 1: weka mishale kabla ya kuandika chochote

Chora mshale wa i1 ukipita L1 kutoka kushoto kwenda kulia, na mshale wa i2 ukipita L2 kuelekea huko huko. Weka alama ya kujumlisha kwenye bamba la juu la kapasita na uiite volteji yake v. Mshale wa mkondo wa kapasita lazima uingie kwenye upande wenye alama ya kujumlisha, yaani uelekee chini, la sivyo kanuni ya kapasita itahitaji alama ya kutoa ambayo utaisahau. Ukishaweka mishale usiigeuze katikati ya kazi, hata ukihisi kwamba mkondo halisi unakwenda upande mwingine. Jibu lenyewe litakuambia kwa kuwa hasi.

Hatua ya 2: chagua vigeu vya hali kwa kufuata nishati

Koili hutunza nishati ya ½Li² na kapasita hutunza ½Cv². Kwa hiyo mkondo wa kila koili na volteji ya kila kapasita ndivyo vigeu vyetu: i1, i2 na v. Mkondo wa koili hauwezi kuruka ghafla kutoka thamani moja hadi nyingine, kwa sababu kuruka huko kungehitaji volteji isiyo na kikomo. Vivyo hivyo volteji ya kapasita haiwezi kuruka bila mkondo usio na kikomo. Kiasi kisichoweza kuruka ndicho kinachobeba kumbukumbu. Kikinza hakina sifa hiyo: volteji yake hubadilika papo hapo pamoja na mkondo wake, ndiyo maana vikinza havitupatii kigeu cha hali hata kimoja, viwe vingi kiasi gani.

Hapa ndipo ninapowasihi wanafunzi watulie. Vigeu vya hali ni mikondo ya koili, si mikondo ya vitanzi. Katika saketi yetu viwili hivyo vimelingana kwa bahati, kwa kuwa kila koili iko katika kitanzi chake peke yake. Koili ikiwa katika tawi linaloshirikiwa, mkondo wa kitanzi na mkondo wa koili ni vitu viwili tofauti.

Kwa saketi kubwa ambayo jicho haliwezi kuikagua mara moja, kuna utaratibu wa uhakika. Chora mti, yaani mkusanyiko wa matawi unaogusa nodi zote bila kufunga kitanzi chochote. Ingiza kwanza vyanzo vyote vya volteji, kisha kapasita zote, kisha vikinza vinavyohitajika kukamilisha mti, na uziache koili zote nje. Kila kapasita iliyo kwenye mti itakupa mlinganyo mmoja wa mikondo, na kila koili iliyo nje itafunga kitanzi kimoja na kukupa mlinganyo mmoja wa volteji. Saketi yetu ina nodi 6 ukihesabu kila kiungio, kwa hiyo mti una matawi 5: chanzo, C, R1, R2 na R3. Matawi yote ni 7. Yanabaki mawili, L1 na L2, na hivyo ndivyo vitanzi vyetu viwili.

Hatua ya 3: mlinganyo mmoja kwa kila kifaa cha kutunza nishati

Andika kanuni ya kifaa, kisha ujiulize volteji au mkondo wake unatoka wapi.

Kwa koili ya kwanza, volteji yake ni ile inayobaki baada ya chanzo kupungukiwa na R1 na volteji ya nodi P:

L1 di1/dt = u − R1 i1 − vP

Kwa koili ya pili:

L2 di2/dt = vP − R3 i2

Kwa kapasita, mkondo wake ni ule uliofika P kwa i1 bila kuondoka kwa i2:

C dv/dt = i1 − i2

Hakuna integrali wala kasi ya badiliko ya pili popote, na hilo halikutokea kwa bahati. Tumeandika kanuni ya kila kifaa katika umbo ambalo kasi ya badiliko tayari iko upande wa kushoto.

Hatua ya 4: ondoa kisicho kigeu cha hali

Milinganyo hii bado haijafika, kwa sababu ina mgeni: vP si kigeu cha hali wala si ingizo. Kila mgeni wa namna hii lazima aandikwe kwa vigeu vya hali na ingizo peke yake, na hii ndiyo hatua inayoamua kama kazi yako itakuwa safi. Tawi la katikati linatuambia kwamba volteji ya P ni volteji ya kapasita ikijumlishwa na ile ya R2, ambayo mkondo wake ni i1 − i2:

vP = v + R2 (i1 − i2)

Kosa la kawaida hapa ni kuandika vP = v, kana kwamba R2 haipo. Ukifanya hivyo, milinganyo itakuwa ya saketi nyingine, yenye mtikisiko mkubwa zaidi kuliko ya kwako.

Ukiingiza vP na kukusanya:

di1/dt = [ −(R1 + R2) i1 + R2 i2 − v + u ] / L1
di2/dt = [ R2 i1 − (R2 + R3) i2 + v ] / L2
dv/dt = [ i1 − i2 ] / C

Mgeni huwa si rahisi hivi kila mara. Tuseme umeongeza kikinza R4 kutoka P hadi chini, sambamba na tawi la katikati. Sasa mkondo i1 − i2 unagawanyika, na huwezi tena kusema kwamba wote unapita R2. Andika jumla ya mikondo katika P:

(vP − v)/R2 + vP/R4 = i1 − i2

Huu ni mlinganyo wa kawaida wa aljebra wenye kitu kimoja kisichojulikana. Ukiutatua unapata vP = R4 [ v + R2 (i1 − i2) ] / (R2 + R4), na mlinganyo wa kapasita unakuwa C dv/dt = [ R4 (i1 − i2) − v ] / (R2 + R4). Wageni wakiwa wawili au watatu, utatatua milinganyo miwili au mitatu kwa pamoja. Kanuni ni ile ile, kwamba vikinza humalizwa kwa aljebra kabla ya matriki kuandikwa.

Hatua ya 5: panga matriki

Kwa mpangilio x = (i1, i2, v), safu mlalo ya kwanza inatokana na mlinganyo wa di1/dt, na kadhalika. Kwa namba zetu:

A =
| −300   100   −100 |
| 200   −1800   200 |
| 10000   −10000   0 |

B =
| 100 |
| 0 |
| 0 |

Tokeo unalichagua wewe. Ukitaka volteji ya mzigo, y = R3 i2, basi H = ( 0  8  0 ) na D = 0. Ukitaka volteji ya nodi P, mlinganyo tulioutumia kumwondoa mgeni unakupa H = ( 1  −1  1 ), na D ni 0 vilevile. D huwa si sifuri pale tu ingizo linapolifikia tokeo kupitia vikinza bila kizuizi cha koili wala kapasita. Katika saketi yetu L1 inalizuia.

Hatua ya 6: kagua, na usiiruke hatua hii

Ningependa kila anayefundisha somo hili atoe nusu ya alama kwa ukaguzi. Alama moja ya kutoa iliyokosewa inatosha kuifanya saketi ya vikinza, ambayo kamwe haiwezi kulipuka yenyewe, ionekane kama inazalisha nishati kutoka hewani. Kuna njia tatu ambazo nazitegemea.

Ya kwanza ni hali tulivu. Ingizo likiwa volteji isiyobadilika, baada ya muda koili ni waya mtupu na kapasita ni tawi lililokatika. Kwa u = 10 V, mkondo mmoja unapita R1 na R3, nao ni 10/(2 + 8) = 1 A, na volteji ya kapasita ni 8 V. Ziweke thamani hizi kwenye milinganyo: safu ya kwanza inatoa −300 + 100 − 800 + 1000 = 0, ya pili inatoa 200 − 1800 + 1600 = 0, na ya tatu ni 10000 − 10000 = 0. Zote zimetulia, kama inavyopaswa.

Ya pili ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu inakagua kila kipengele cha matriki kwa mkupuo mmoja. Zidisha mlinganyo wa koili ya kwanza kwa L1 i1, wa pili kwa L2 i2, na wa kapasita kwa C v, kisha uijumlishe yote mitatu. Upande wa kushoto unakuwa kasi ya kubadilika kwa nishati yote iliyotunzwa. Upande wa kulia, vipengele vyenye v i1 na v i2 vinafutana, na kinachobaki ni:

u i1 − R1 i1² − R2 (i1 − i2)² − R3 i2²

Yaani nguvu inayotoka kwenye chanzo, ukitoa joto la kila kikinza. Ikiwa katika hesabu yako bado kuna v i1 iliyosalia, au R2 haikukaa kwenye mraba kamili, umekosea alama, na kipengele kilichosalia kinakuonyesha kwa kidole ni mlinganyo gani.

Ya tatu ni mizizi ya mlinganyo bainifu wa A, yaani ule unaopatikana kwa kuifanya determinanti ya (sI − A) iwe sifuri. Kwa matriki yetu mlinganyo huo ni:

s³ + 2100 s² + 3520000 s + 2000000000 = 0

Namba 2100 ni jumla ya ulalo mkuu ikiwa imegeuzwa alama, na namba ya mwisho lazima iwe (R1 + R3)/(L1 L2 C), ambayo kweli ni 10 ikigawanywa kwa 0.000000005. Mizizi yake ni takriban −808 na −646 ± j1435, ambapo j ni mzizi wa pili wa −1. Sehemu halisi zote ni hasi, kwa hiyo saketi ni tulivu; mtikisiko wake ni wa radiani 1435 kwa sekunde, karibu Hz 228, nao hufifia kwa kipimo cha milisekunde 1.55. Ukiondoa vikinza vyote, mtikisiko ungebaki milele kwenye radiani 1732 kwa sekunde, ambayo ni mzizi wa pili wa (L1 + L2)/(L1 L2 C). Hapo unaona kwa nini wahandisi wa inveta hukubali kupoteza joto kidogo kwenye R2.

Hatua ya 7: iendeshe milinganyo kwa mkono, japo hatua mbili

Programu kama Octave au maktaba ya SciPy zitakuchorea jibu mara moja, lakini hatua mbili za kalamu hukuonyesha saketi ikiamka. Anza na kila kitu sifuri, u = 10 V, na hatua ya sekunde 0.0001. Mwanzoni di1/dt = 1000 A kwa sekunde, na nyingine mbili ni sifuri, kwa kuwa P bado haina volteji. Katika kila hatua, zidisha kasi kwa urefu wa hatua na uongeze jibu kwenye thamani iliyopo; kwa hiyo baada ya hatua ya kwanza i1 = 0.1 A. Sasa kasi zinakuwa 970, 20 na 1000, kwa hiyo baada ya hatua ya pili i1 = 0.197 A, i2 = 0.002 A na v = 0.1 V. Mkondo umeingia kwanza kwenye kapasita, na koili ya pili ndiyo kwanza inaanza kusogea. Njia hii rahisi ina mpaka wake: kwa mizizi tuliyoipata, hatua ikizidi takriban sekunde 0.0005 majibu yatakua bila kikomo ingawa saketi yenyewe ni tulivu. Ukiona hivyo, punguza hatua kabla ya kuilaumu matriki.

Kuileta gridi

Weka chanzo cha volteji e mfululizo na R3, upande wake chanya ukielekea koili, na R3 iwe sasa ukinzani wa koili ya pili tu. Mlinganyo wa pili peke yake unabadilika, ukiongezewa −e ndani ya mabano. A inabaki na umbo lile lile, na B inapata safu wima ya pili yenye 0, −1/L2 na 0. Kila chanzo huru kina safu wima yake katika B. Hakuna jambo jingine la kufanya.

Pale idadi ya vigeu inapopungua

Si kila mara koili tatu huleta vigeu vitatu. Ondoa kapasita kwenye tawi la katikati na uweke koili L3 mahali pake. Sasa sheria ya mikondo katika P inalazimisha i3 = i1 − i2, kwa hiyo ukijua mikondo miwili umeshaujua wa tatu, na hali ina vigeu viwili tu. Utaratibu wa mti ungekuonya mapema, kwa sababu ungeshindwa kuufikisha mti kwenye nodi P bila kupitia koili mojawapo. Jambo kama hilo hutokea pia pale kapasita na vyanzo vya volteji vinapofunga kitanzi peke yake: volteji moja inaamuliwa na nyingine.

Katika hali hiyo, vP = R2 (i1 − i2) + L3 (di1/dt − di2/dt), na kasi za badiliko zinajitokeza pande zote mbili. Zikusanye kushoto:

(L1 + L3) di1/dt − L3 di2/dt = −(R1 + R2) i1 + R2 i2 + u
−L3 di1/dt + (L2 + L3) di2/dt = R2 i1 − (R2 + R3) i2

Upande wa kushoto ni matriki ya 2 kwa 2 ikizidisha kasi za badiliko. Determinanti yake ni L1 L2 + L2 L3 + L1 L3, ambayo haiwezi kuwa sifuri koili zikiwa na thamani chanya, kwa hiyo kinyume cha matriki hiyo kipo. Zidisha pande zote kwa kinyume hicho na utapata A na B za umbo la kawaida, kisha rudia ukaguzi wa nishati, safari hii ukihesabu ½L3(i1 − i2)² pamoja na nyingine.